Matunzo ya Salvina

"Weka laki na nusu kwa mwezi," alisema Melkiory.

"Nyingi mno. Andika elfu hamsini," alisema Salvina.

Afisa ustawi wa jamii, binti wa Muleba aitwaye Prudensia, aliweka kalamu chini. Tangu ahamie Kayanga alikuwa amezoea waume wanaovuta chini na wake wanaovuta juu mpaka nusura washikane mashati. Hawa walikuwa wanavutana kinyumenyume. Talaka yao ilikwisha kutoka, na binti yao Jovitha alikwisha kuwa mtu mzima. Kilichobaki ni kukadiria matunzo ya mke, mahakama iyathibitishe, kila mtu ashike njia yake.

Akamwuliza Melkiory hiyo laki na nusu ameipataje. Mwanamume akaeleza taratibu, macho sakafuni. Kuna dawa ya magoti, maana Salvina akipalilia kutwa, usiku halali. Kuna maziwa, kwa sababu chai ya rangi inamchoma tumbo. Kuna ndizi za kununua, kwani migomba ya kwao Nyaishozi imeliwa na mnyauko. Na kiangazi anahitaji mtu wa kumchotea maji.

Salvina alisikiliza. Alikuwa bado anampenda huyu mtu, na hilo ndilo lililomuudhi. Kila Melkiory alipopandisha, yeye aliona mwanamume anajinunulia ruhusa ya kutokuja kumchukua.

Kwani ugomvi wenyewe ulikuwa nini? Melkiory aliuza kahawa ingali maua, butura kama wanavyoiita huku, akapokea hela ya mlanguzi bila kumwambia mkewe. Salvina akakasirika, akarudi kwa baba yake. Sasa, kwa watu wa huku, mke akienda kwao kwa hasira mume humfuata na ndugu yake na debe la rubisi, pombe ya ndizi, akaketi akaomba msamaha, jioni wakarudi wote. Salvina alisubiri. Pikipiki ikilia barabarani, anachungulia. Kilichokuja ni ujumbe wa simu:

"Mama Jovitha, nimekutumia nauli. Panda gari uje."

Nauli! Kama mfanyakazi aliyemaliza likizo. Ndipo akaenda mahakamani, na Melkiory kwa ukaidi wake hakupinga.

"Weka na sabuni," Melkiory aliendelea. "Ile ya unga inamwasha mikono."

"Baba Jovitha, nyamaza."

Salvina akamgeukia.

"Magoti yangu unayajua. Tumbo langu unalijua. Mbona hukuja kunichukua?"

"Ningekuja na nini? Kahawa ilikwisha kuwa ya watu. Nilifika mpaka njia panda ya kwenu nikageuza. Mkwe haendi ukweni mikono mitupu, Mama Jovitha. Baba yako angenionaje?"

"Na mimi je, nilikuonaje?"

Melkiory aliingiza mkono mfukoni. Akatoa leso, akajifuta uso.

"Nilikosa," alisema. "Kuuza nilikosa, na kutokuja nilikosa zaidi."

Prudensia akauliza kwa upole, basi aandike kiasi gani.

"Usiandike kwanza," alisema Salvina. "Aje kwetu Jumapili. Mwenyewe, na mikono hiyohiyo mitupu. Akishindwa, Jumatatu nitakuja hapa nikubali laki na nusu yake."

Jumapili baada ya misa, Melkiory aliingia uani Nyaishozi na kaka yake Yusto, koti la harusi limembana tumbo, mkononi hana kitu. Akapiga magoti.

"Shikamoo baba."

Mzee aliitikia marahaba kwa sauti ya chini, akamtazama mikono.

"Umeleta nini?"

"Sikuleta kitu, baba. Nimekuja kumwomba Salvina. Kwa padri hatukuachana, na serikalini tutaandikisha ndoa upya."

Mzee alimwashiria ainuke. Aliona jambo hili linataka bintiye apewe muda wa kufikiri, pengine hata wiki nzima. Akageuka kumwita. Salvina alikuwa amekwisha simama mlangoni, viatu miguuni, begi mkononi.