Kidakuzi cha Ateca

SAA MOJA NA DAKIKA KUMI ASUBUHI

"Hakuna bastola," Isimeli alisema. "Hakuna kuvunja kufuli. Mlinzi mwenyewe atatufungulia geti."

Walikuwa watatu kwenye stoo ya gereji ya matairi, Walu Bay, karibu na bandari. Isimeli, mwenye mpango. Jitendra, dereva wa lori. Na Mereoni, mama wa watoto wawili, aliyefukuzwa kazi ya kompyuta bandarini mwaka juzi. Stoo ilinuka mpira ulioungua na samaki wa kopo. Jitendra alikula roti, kisha akajifuta mafuta kwenye tairi.

Isimeli alichora geti la yadi ya makontena kwa chaki sakafuni. Ndani kuna kontena la yaqona kavu, mizizi ya kinywaji cha kava, tani kumi, limetoka kisiwa cha Kadavu. Lori halali linakuja saa tano. Namba yake iko kwenye tovuti ya wakala wa meli.

"Saa nne kasoro dakika tano Mereoni anaifuta, anaweka namba yetu. Saa nne Jitendra yuko getini. Mlinzi anaangalia skrini, anaangalia lori, anafungua. Basi."

"Kwa nini asiweke sasa hivi?" Jitendra aliuliza.

"Karani anapitia orodha saa tatu na nusu. Akishapitia, harudii."

"Na nenosiri la karani mmelipata wapi?"

"Hatuna nenosiri," Mereoni alisema. "Tuna kidakuzi chake."

"Kida-nini?"

"Ukilipa kiingilio cha dansi wanakugonga mhuri mkononi, si ndiyo? Ukitoka kuvuta sigara ukarudi, mlinzi anaangalia mhuri, haulizi tena. Tovuti nayo inagonga mhuri wake ndani ya kompyuta yako. Mimi nimenakili mhuri."

"Na mwenyewe bado anao?"

"Tunao wote wawili, mpaka yeye abonyeze Toka. Na habonyezi. Hakuna anayebonyeza. Watu wanafunika kompyuta wanakwenda nyumbani."

Hakuona haya kuieleza kazi yake. Alikuwa ametengeneza ukurasa wa picha za mkutano wa akina mama wa kanisa, akautuma kwa ofisi nzima ya wakala. Mtu akifungua, kisanduku kinatokea: KUBALI VYOTE, kijani, kikubwa kama kiganja. Kataa ilikuwa ya kijivu, imebanwa pembeni kama siafu. Kikafuata kisanduku cha pili, kijani kile kile, cha kuongeza kwenye kivinjari kifaa cha kutazamia picha. Hicho ndicho kilichokuwa mwizi. Kikishaingia kinazoa vidakuzi vyote vya kivinjari na kumletea. Mtindo wenyewe hakuubuni yeye. Tovuti zenye heshima zao zinaficha Kataa kila siku, na watu wameshazoea kubonyeza bila kusoma, kama kuku anavyodonoa.

SAA MBILI NA NUSU

Jitendra alikwenda kuchukua lori. Mereoni alipachika kidakuzi kwenye kivinjari chake, akafungua tovuti. Haikumwuliza kitu. Ilimwandikia: Karibu, Ateca.

Aliisoma mara mbili. Ateca, dada wa mume wake. Wiki iliyopita alikuwa bado anapokea wageni mapokezi, ofisi ile ile. Nani kamhamishia dawati hili?

"Huyu ni wifi yangu," alisema.

"Vizuri," Isimeli alisema. "Familia."

"Atafungwa. Kila nitakachobonyeza kitaonekana kabonyeza yeye."

"Ndiyo uzuri wake. Polisi wakishapata mtu hawatafuti mwingine." Isimeli alimtazama. "Ulitaka afungwe nani, Mereoni? Wifi wa mtu mwingine?"

Mpaka dakika ile, ndivyo hasa alivyotaka. Aliona kinyaa, na si kwa Isimeli peke yake.

Akasoma jina la mwenye mzigo. Kikundi cha akina mama. Aliijua anwani ya kijiji.

"Hiki si kijiji cha mama yako?"

"Kwa mama yangu. Mimi ni vasu pale. Mtoto wa dada akienda kwa wajomba anachukua apendacho, na hakuna anayemwita mwizi."

"Vasu anachukua wakimwona. Anasimama uani, anamnyooshea kidole nguruwe, na wao wanacheka. Hawa wamelima miaka minne."

"Nitacheka mimi kwa niaba yao."

Alicheka kweli. Meno yake yalikuwa na samaki.

SAA TATU NA DAKIKA ARUBAINI

Simu zao Isimeli alikuwa amezikusanya tangu jana, akawagawia za bei rahisi, za kazi. Mereoni alijifungia chooni na yake. Namba ya Ateca aliijua kwa kichwa.

"Ateca, sikiliza. Ingia kwenye tovuti ya mizigo, nenda kwenye akaunti yako, bonyeza Toka kwenye vifaa vyote. Halafu ndiyo ufute vidakuzi. Usianze kufuta, kufuta kunasafisha kwako tu, nakala..."

"Nani mwenzangu?"

"Mereoni."

"Na mimi malkia wa Tonga. Jana tu tumefundishwa: mtu akikupigia akuambie bonyeza hapa bonyeza pale, huyo ni mwizi."

"Wifi, ni mimi."

"Wifi yangu namba yake ninayo, na hajawahi kunipigia kabla ya saa sita, mvivu yule. Tafuta kazi, mama."

Simu ilikatwa. Alipiga tena. Haikupokewa.

Alifungua mlango. Isimeli alikuwa amesimama karibu mno.

"Tumbo," Mereoni alisema.

"Kaa kwenye kompyuta."

SAA NNE KASORO DAKIKA TANO

Sauti ya Jitendra ilitoka kwenye simu ya Isimeli iliyokuwa mezani. "Mbele yangu lori moja tu, kaka."

"Badilisha," Isimeli alisema. Mkono wake ulikuwa begani kwa Mereoni, mzito, una jasho; macho yake yalikuwa kwenye simu.

Sanduku la namba ya lori lilikuwa wazi. Kubadilisha ni kazi ya sekunde kumi, na wifi yake anakwenda gerezani. Mereoni alipeleka mshale juu, kwenye jina la Ateca. Orodha ikashuka. Ya mwisho: Toka kwenye vifaa vyote.

Akabonyeza.

Ukurasa ukafutika. Kikabaki kisanduku cheupe kinachotaka nenosiri.

"Nini hiki?"

"Ateca katoka. Kabonyeza Toka mwenyewe. Mhuri umekufa."

"Sasa hivi? Leo?"

"Sasa hivi."

Jitendra alisema, "Kaka, nimefika getini. Mlinzi anasema namba yangu haipo. Kashika redio. Niseme nini?"

Isimeli aliichukua simu, akaizima, akatoa laini yake na kuitupa kwenye ndoo ya maji ya kupimia pancha.

"Jitendra je?" Mereoni aliuliza.

"Jitendra nani?"

Akaanza kufuta chaki kwa kiatu. Hapo simu ya Mereoni ikaita mfukoni. Ilikuwa ya bei rahisi, sauti yake ilisikika stoo nzima. Isimeli alinyoosha mkono, akaichomoa, akapokea, akabonyeza kipaza sauti.

"Wifi?" Ateca alisema. "Ni wewe kweli? Kompyuta imenitoa. Imeandika nimetoka kwenye vifaa vyote, na mimi sijagusa kitu."

Isimeli aliiweka simu mezani taratibu. Mkono wa Mereoni ulikuwa bado kwenye vitufe. Isimeli aliifunika kompyuta juu ya mkono huo kwa uzito wake wote, kisha mara ya pili. Vidole vililia kama kuni kavu. Mereoni alipiga ukelele mmoja, akaanguka na kompyuta. Isimeli aliirukia kompyuta, akaikwapua, akatoka kwa mlango wa nyuma akikimbia.

"Wifi? Nani anakupiga?"

Mereoni alijivuta mpaka kwenye simu kwa mkono uliobaki mzima. Damu ilikuwa imefika kwenye kiwiko.

"Chukua kalamu."

"Nimeshika."

"Kuna lori getini kwenu, dereva anaitwa Jitendra. Mwenye mpango ni Isimeli, kakimbia sasa hivi, ana kompyuta. Gereji ya matairi, Walu Bay. Walikuwa watatu."

Alimsikia Ateca akiandika. Kisha kalamu ikasimama.

"Wa tatu nani?"

"Zile picha za mkutano ulizofungua," Mereoni alisema. "Aliyezituma."

Ilisikika pumzi ya Ateca, ya mtu aliyekanyaga uchafu pekupeku.

"Sema jina," Ateca alisema. Hakumwita wifi.

Mereoni alilitaja lake, herufi moja moja, mpaka likaisha.