Mtumiaji Mmoja

Yaliyomkuta rafiki yangu nayasema kama alivyoniambia, na yeye si mtu wa porojo.

Mchana mmoja alikuwa kwenye chumba cha chini kazini kwao, akijaribu draiva aliyoiandika, ile programu ndogo inayokaa ndani ya kiini cha mfumo na kuiunganisha kompyuta na mizani kubwa ya stoo. Mizani ilikuwa stoo, gizani, maana taa ya huko ilikuwa imeungua, na njia pekee ya kutokea nje ilipitia humo.

Aliona kosa, akataka kuiondoa draiva ili aweke iliyorekebishwa. Kompyuta ikakataa. Inatumika, ikaandika, mtumiaji mmoja.

Akafunga kila programu. Bado mmoja. Akampigia mwenzake wa kazi.

“Chomoa waya wa mizani, kaka.”

“Nimeshauchomoa, ninao mkononi.”

“Basi nani anaitumia?”

“Sijui. Skrini inasoma kilo arobaini na mbili.”

Rafiki yangu akarudia amri ileile mara tisa, kisha akabonyeza kitufe cha kuzima mpaka kidole kikamuuma. Wapi. Akabaki ameketi, waya mkononi, akisikiliza feni.

Akairudia ile amri mara ya kumi. Kabla hajaondoa kidole, bati la mizani likalia huko gizani, kama linavyolia mtu akishuka. Kilo zikawa sifuri. Watumiaji sifuri. Draiva ikaondoka bila ubishi.