Viza ya Balozi wa Kaneshie

Droo ilikuwa wazi, ufunguo ukining'inia kwenye tundu lake, na pasipoti haikuwemo. Vitu vingine vyote vilikuwepo: saa ya dhahabu, miwani ya bei mbaya, hata bahasha ya euro. Mwizi hakuvigusa.

"Huyu si mwizi, huyu ni mchawi!" alisema Balozi, akijipepea kwa kalenda aliyoing'oa ukutani.

Balozi hakuwa balozi wa nchi yoyote. Jina lake lilikuwa Kwaku Nti, na alikuwa na ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la matairi, mtaa wa Kaneshie, jijini Accra. Kazi yake ilikuwa kuwatengenezea watu maombi ya viza ya utalii. Ukitaka kwenda kuiona Roma, unapanda ngazi zake, unamwachia pasipoti na picha, anakujazia fomu, anakutafutia hoteli ambamo hutalala, anakufundisha cha kujibu kwenye dirisha la ubalozi. Waliopata viza walimsifu. Waliokosa aliwaambia waombe tena, na ada walipe tena. Mji mzima ulimwita Balozi, naye aliitikia bila haya.

Leo yeye mwenyewe ndiye aliyepata. Asubuhi alichukua pasipoti yake ubalozini ikiwa na viza ya Italia, akaifungia kwenye droo. Ndege yake ilikuwa usiku wa leo.

Inspekta Amponsah wa idara ya upelelezi alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na mazoea ya kuuliza swali huku akitazama pembeni. Alitazama dirishani.

"Nani alijua umepata viza?"

"Hakuna."

"Mkeo?"

"Inspekta, unataka kuniua? Mke wangu ana dada watano."

Amponsah alitikisa kichwa kukubali. Hilo halikuhitaji maelezo. Accra mtu hatangazi safari yake mpaka ndege itue ng'ambo, maana husuda ina miguu myepesi kuliko yake. Wapo akina mama waliojua mtoto kasafiri pale tu alipowapigia simu akitetemeka kwa baridi.

"Unakwenda kufanya nini Italia?"

"Utalii."

"Balozi..."

"Haya. Mwanangu anaoa Bologna, Jumamosi. Ni mwanangu pekee. Baba wa kijana asipoonekana, wakwe watasema wamemwokota. Nikiikosa ndege ya leo, nimeikosa harusi."

Katika chumba cha nje alikaa Dzifa, katibu wake, ambaye macho yalikuwa yamemwiva kwa hofu.

"Nani aliingia ndani leo?" aliuliza Inspekta.

"Watu watatu, bwana mkubwa. Mwanafunzi mmoja, mchungaji mmoja, na Mama Pinaman, muuza vitambaa pale sokoni. Alimletea bosi kitambaa chake."

"Bosi alikuwa nao muda wote?"

"Hapana. Ndani simu haishiki. Ikilia anatoka, anaongelea kwenye ngazi."

"Na ufunguo anauacha kwenye droo?"

Dzifa alimtazama bosi wake, kisha akatazama sakafu. "Kila siku," alisema.

Ndani, Konstebo Lamptey alikuwa amepiga magoti mbele ya meza, akitafuta alama za vidole kwenye mpini wa droo. "Afande, zimepandana. Nusu ya Accra imeshika hapa."

Amponsah alikuwa ameinama chini ya kioo kidogo cha ukutani. Sakafuni palikuwa na vumbi jeupe.

"Chokaa ya ukuta," alisema Lamptey.

"Ukuta ni wa kijani, Lamptey." Inspekta alichovya kidole, akanusa. Ilikuwa poda ya watoto wachanga. Akamgeukia Balozi. "Umepakwa poda leo?"

"Nipakwe na nani? Si nimekwambia hakuna anayejua!"

Poda hiyo mtu hapakwi hivihivi. Ukishinda kesi, ukijifungua salama, ukipata viza, wenzako wanakumwagia shingoni na kifuani, nawe unapita nayo mtaani kila mtu aione furaha yako.

"Basi humu ndani kuna mtu aliyeshinda," alisema Inspekta, "na si wewe. Dzifa, mwanafunzi alitokaje?"

"Analia. Amekataliwa mara ya pili. Nilikuwa namtuliza."

"Mchungaji?"

"Alitoka amenuna. Bado hajapata hata tarehe ya kwenda dirishani."

"Na Mama Pinaman?"

Dzifa alifikiri. "Huyo sikumwona akitoka."

Walikwenda kwa miguu, Balozi akitangulia, akitazama saa kila hatua. Sokoni hawakuhitaji kuelekezwa. Kwenye safu ya vitambaa wanawake walikuwa wakiimba na kupiga makofi, chupa za soda mikononi. Inspekta alimsogelea muuza maharage.

"Dada, jirani yako kashinda nini?"

"Hata sisi tunamuuliza, hasemi! Asubuhi kaondoka hapa na nguo nyeusi, za msiba wa bintiye. Tangu Pasaka ya mwaka jana hajazivua. Karudi na poda shingoni, kavaa nyeupe, katununulia soda soko zima. Mimi nikasema labda kapata mume."

Mama Pinaman alikuwa ameketi juu ya kigoda chake, mwanamke mnene wa makamo, nguo nyeupe pepepe, poda kuanzia masikioni hadi kifuani. Alimwona Balozi, akamwona Inspekta, wala hakushtuka.

"Hongera, Mama," alisema Amponsah.

"Asante, mwanangu."

"Umeshinda nini?"

"Kesi."

"Kwenye mahakama gani?"

"Ile iliyo juu ya duka la matairi."

Nyimbo zilikatika. Balozi aliruka mbele, Lamptey akamdaka mkono. "Mwizi mkubwa wewe! Nipe pasipoti yangu!"

"Mama, unakubali umeichukua?"

"Nimeichukua, andika. Alitoka kuongea na simu, nikafungua droo, nikaitia kifuani. Kisha nikajipaka poda mbele ya kioo chake. Nilikuwa nayo mkobani. Nilishindwa kungoja nifike nyumbani."

"Ulijuaje kama kapata viza?"

Mama Pinaman alicheka kidogo. "Mwanamume kanunua lesi nyeupe ya kushona vazi la baba wa bwana harusi, na hapa Accra hana mtoto wa kuoza. Akaniuliza kama itakunjamana kwenye sanduku. Jana kanipigia nimletee leo bila kukosa, haraka. Sasa hapo kuna siri gani?"

"Pasipoti iko wapi?"

"Iko salama. Ataipata akinitajia jina la binti yangu."

Watu wote walimtazama Balozi.

"Mama, wateja ni wengi..."

"Nililitaja ofisini kwako nikilia! Alikuwa amelazwa Roma, daktari kanipigia mwenyewe akasema njoo upesi. Wewe ukaniambia nisitaje ugonjwa, watadhani sitarudi, niombe kama mtalii. Nikakubali. Nilikuletea taarifa ya benki yangu ya kweli, ya biashara hii hii unayoiona. Nikakataliwa, nikaambiwa nimewasilisha karatasi ya kughushi! Mimi! Nikakujia tena, ukanijibu nini? 'Mama, omba tena.' Na Dufie akafa akiniulizia."

Alipumua kwa nguvu. "Hata hukunikumbuka. Umenunua lesi kwangu, umeniomba nipunguze bei, na hukunikumbuka. Basi sema hapa, mbele ya soko, uliifanyia nini karatasi yangu. Ukisema, naitoa."

Inspekta Amponsah alisogea kati yao. Kwa mara ya kwanza alimtazama mtu usoni.

"Balozi, nakuonya. Hulazimiki kusema neno. Ukisema, Konstebo anaandika, na litatumika mahakamani."

Balozi alitazama saa. Jua lilikuwa limeshainama nyuma ya mapaa ya mabati.

"Andikeni mnachotaka!" alipiga kelele. "Niliibadilisha! Ninazo taarifa za benki za kwangu, nina mihuri ya kuchonga, wateja wote nawawekea moja ya namna ile ile. Ya kwake niliitupa, sikuisoma hata. Kusoma kila karatasi nitamaliza lini? Haya, nimesema! Nipe!"

Muuza maharage alitema mate chini.

Mama Pinaman aliingiza mkono chini ya kitambaa alichokalia, akatoa pasipoti. Haikuwa na hata alama ya kukunjwa. Balozi alinyoosha mikono miwili. Mama akampita, akamkabidhi Inspekta kwa mkono wa kulia, kwa heshima zote.

Amponsah aliifungua, akaiona viza inang'aa, akaifunga. Aliitia kwenye mfuko wa vielelezo na kuubana mdomo wake.

"Unafanya nini?" Balozi alinong'ona.

"Mmiliki wake ni mtuhumiwa wa kughushi. Haitoki nchini mpaka mahakama iseme."

"Inspekta, nakuomba. Nitarudi Jumatatu. Naapa kwa kaburi la baba yangu, nitarudi!"

"Una ushahidi gani kwamba utarudi?"

Balozi aliketi chini, katikati ya maganda ya machungwa, akalia kwa sauti kama mtoto.

"Ulijua kwamba akikiri nitaizuia," Inspekta alimwambia Mama Pinaman.

"Nilijua. Ningetaka kuichoma, ningeichoma asubuhi. Nilitaka mdomo wake ndio umfungie mlango."

"Na wewe nakukamata kwa wizi, Mama."

"Nikamate. Nimekwishavua nyeusi." Aliinuka, akawapa jirani zake funguo za duka, akanyoosha mikono afungwe pingu. Alipofika pale Balozi alipokaa, alisimama juu yake.

"Usilie hivyo. Harusi ya mwanao utaionea kwenye simu. Mimi mazishi ya Dufie niliyaona hivyohivyo, na katikati yake mtandao ukakatika."