Saa Yenye Mdomo

"Hiyo achana nayo," mume wangu alisema, akanipokonya saa mkononi. "Ni kelele tupu."

"Kelele ndiyo ninayoitafuta. Kioo kitanisaidia nini mimi?"

Binti wa duka akacheka, kisha akanyamaza ghafla. Nadhani ndipo alipoiona fimbo yangu nyeupe.

"Dada, hii inakutajia umbali na muda," alisema. "Ina kidude cha kuvaa sikioni, unasikia peke yako."

"Binti, huyu ana mume. Wa kumtajia muda ni mimi. Tumefuata viatu tu."

Viatu nilivichagua mwenyewe. Nilipima nafasi mbele ya vidole kwa dole gumba, nikakunja soli, ikakunjika penye vidole na si katikati. Kwenye viatu hakuna wa kunidanganya.

Kwenye mbio ndiko nilikomtegemea mtu. Tangu macho yangu yazimike, mume wangu alikimbia ubavuni mwangu, tumeunganishwa na kamba fupi aliyoisuka mwenyewe: ncha moja mkononi mwake, nyingine mwangu. Alinitajia kona, alinitajia mashimo, na mwishoni akanitajia muda. Timu ya wasioona ilitaka mita elfu tano chini ya dakika ishirini. Mara mbili hatukwenda kwenye mchujo, kwa kuwa kila alipoitazama saa yake, mimi nilikuwa nje ya muda huo.

"Bado kidogo, mke wangu," angesema. "Mwakani."

Mchujo wa tatu ulikuwa Jumamosi. Tulipotoka dukani nilimpigia wifi yangu, dada yake mdogo.

"Wifi, kesho nirudishe dukani. Kaka yako asijue."

"Makubwa! Umepata bwana mwingine?"

"Nimepata saa. Ina mdomo."

"Basi atakuwa wa pili kwa mdomo katika ukoo huu, baada yangu. Twende."

Alhamisi asubuhi nilishusha mkono wa fulana juu ya saa, nikafunika masikio kwa kitambaa. Tukakimbia. Mizunguko ya mwisho kifua chake kikaanza kukoroma, kama ilivyokuwa desturi yake siku hizo, nami nikafupisha hatua. Tulipovuka mstari, sauti kavu ikasema sikioni: "Mita elfu tano. Dakika kumi na tisa, sekunde thelathini na nane."



"Ngapi?" nikamwuliza.

"Ishirini na moja na nusu. Pole, mpenzi. Jana hukulala vizuri."

"Soma tena."

"Nimeshasoma."

"Soma tena, mume wangu. Nakupa nafasi."

"Ishirini na moja na nusu! Unataka nikudanganye ili ufurahi?"

Nikachomoa kidude sikioni, nikapandisha mkono wa fulana, nikabonyeza kitufe. Saa ikarudia maneno yake kwa sauti, uwanja ukasikia.

"Hiyo saa ni mbovu," akasema.

"Tangu lini?"

"Nakwambia ni mbo..."

"Tangu lini?"

"Tangu mchujo wa kwanza. Kule kambini kwa timu watakupa mwongozaji wao, kijana mwenye mapafu. Mimi nimekwisha, huoni?"

"Sioni. Ndiyo maana nilikuamini."

"Akishakushika mtu mwingine, mimi nitakuwa nani kwako?"

"Ungekuwa mume wangu. Unajua kwa nini napunguza mwendo mizunguko ya mwisho?"

"Unachoka."

"Nakungoja wewe! Nasikia kifua chako. Nilijiambia, mbio zenyewe nimeshazikosa, heri nisimuue mume wangu. Muda wote huo nakungoja, na wewe unaniibia."

Akalia. Sikumfuta machozi. Nilipapasa ukuta wa uwanja mpaka nikaufikia mlango, nikampigia wifi aje kunichukua.

Jioni, sebuleni kwa wifi, simu ilinisomea ujumbe wa mume wangu kwa sauti kavu kama ya saa: "Nisamehe. Nilikupenda kupita kiasi. Jumamosi nani atakushika?"

Wifi akasonya.

"Njia ya mwongo fupi, wanasema. Ya huyu ilizunguka uwanja miaka. Tumenyonya ziwa moja, wifi, lakini kwa hili sina kaka. Utamjibu nini?"

Nikaizima simu.

Jumamosi alikuwa langoni. Nilizijua hatua zake kabla hajasalimia. Mguu wa kushoto huburuta. Kando yangu alikuwa mwongozaji, kijana niliyemwomba kwa timu.

"Nimekuletea kamba," mume wangu alisema. "Yao ngumu. Itakuchubua."

Niliipokea. Nikapapasa mafundo yote, laini kwa jasho letu sisi wawili, na kwa kitambo nusura nimwite kwa jina la utani ninalomwita chumbani. Kisha nikaushika mkono wake wa kulia, nikaweka ncha moja, nikamfumba vidole. Nikautafuta wa kushoto, nikaweka ncha ya pili.

"Ndiyo nini hii?"

"Nilikupa ncha moja. Ulitaka zote mbili."

"Mke wangu, tafadhali..."

"Shika."

Kijana akanifunga kamba yake. Kweli ilikuwa ngumu. Ilianza kunichubua mzunguko wa kwanza.

Sikupunguza mwendo.