Mguu wa Kushoto wa Mzee Vainer

Aliyenisimulia haya ni Ermes, fundi wa magari ya kasi kule Modena. Hanywi, na habari za mizimu humkera.

Bosi alimtuma apeleke gari jipya kwa mteja ng'ambo ya mlima. Lilikuwa la klachi mbili zinazojifanyia kazi zenyewe. Dereva hugusa tu kidude nyuma ya usukani kubadili gia, na miguuni kuna pedali mbili, ya mafuta na ya breki; ya klachi, ya mguu wa kushoto, haipo. Mzee Vainer, dereva wao wa majaribio aliyezikwa wiki ile, aliyadharau magari hayo.

"Hilo si gari, ni lifti," alikuwa akimwambia Ermes. "Mguu wa kushoto ufanye nini?"

"Ulale, mzee. Umechoka."

Mchana ule mlima ulijaa ukungu, na ndani ya handaki la barabara linalopita chini yake taa zilikuwa zimezimika. Ilipokuja kona, kabla Ermes hajagusa kidude, alisikia kando ya mguu wake wa kushoto: tup, tup. Gia ikashuka. Kona ya pili, tena tup, tup, kama Vainer alivyozoea kukanyaga klachi mara mbili kila aliposhusha gia. Ermes akauvuta mguu wake chini ya kiti. Sauti iliendelea mpaka nje ya handaki.

Akasimama, akainama na tochi. Asubuhi ile alikuwa amelisafisha kapeti la miguuni mwenyewe, likiwa jipya kabisa. Sasa upande wa kushoto, pasipo na pedali yoyote, lilikuwa limelika kwa kisigino mpaka bati linang'aa.