Macho ya Mama Cheptanui

Katika landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, Cheptoo alikuwa na saa yake ambayo haikuhitaji kutiwa ufunguo. Ilikuwa mlingoti wa chuma uliosimama ng'ambo ya njia za treni, na juu yake mkono mrefu uliopakwa rangi nyekundu. Mkono ukinyooka, njia imefungwa. Mkono ukiteremka, njia ni wazi, treni inakuja. Kosgei, mume wake, ndiye aliyekaa kibandani akivuta vyuma vya kuuteremsha, na treni ya mizigo kutoka Kisumu ilikuwa ya mwisho katika zamu yake. Basi Cheptoo akiona mkono umeteremka, hubandika sufuria ya ugali.

"Cheptanui!" humwita binti yake. "Mkono unasemaje?"

"Bado, Mama. Umenyooka."

"Basi acha mkaa ulale kidogo. Baba yako hali ugali uliopoa, na mimi sipiki mara mbili."

Cheptanui alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliipenda kazi hiyo ya kutazama mkono kuliko hesabu, kwa maana mwalimu wa hesabu alikuwa na fimbo, na mlingoti haukuwa nayo.

Jioni moja mkono uliteremka, Cheptoo akainuka na sufuria ya maji, akaanguka mlangoni. Maji yakazima mkaa. Hakupiga kelele, hakutikisa hata kidole. Majirani walimbeba ndani ya blanketi mpaka hospitali ya serikali, upande wa Waafrika, ambako wagonjwa walilala wawili wawili kitandani na wengine sakafuni. Upande wa Wazungu, kule juu penye maua, vitanda vilikuwa vimetandikwa shuka nyeupe na havina mtu. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Waliopanga mambo hayo hawakuwa wanaumwa.

Daktari Mzungu alimmulika macho, akamgonga magoti, akaandika.

"Mshipa wa damu umeharibika ndani ya kichwa," alimwambia Kosgei. "Anapumua, lakini hayupo. Macho yake ni kama dirisha la nyumba iliyohamwa."

Aliyasema hayo hapo hapo juu ya kitanda. Kosgei alivua kofia yake ya kazi. "Ndiyo, bwana daktari," akajibu, kwa sababu hivyo ndivyo alivyozoea kuwajibu wakubwa.

Kwa kuwa Cheptoo hakuweza kumeza, Obura, dresa aliyewahudumia wagonjwa wa wodi ile, alimtia mpira mwembamba puani, akawa anamnywesha maziwa na uji mwepesi kwa njia hiyo. Siku zikapita, kisha majuma. Watu walipita kando ya kitanda wakizungumza juu ya mgonjwa kama watu wazungumzavyo juu ya meza.

Cheptanui alikwenda kila siku akitoka shule. Siku moja alikuwa akimpepea mama yake nzi huku akimweleza habari za nyumbani, ingawa aliambiwa ni kazi bure. Mara treni ikapiga honi kule stesheni. Ilikuwa ile ya kutoka Kisumu. Macho ya Mama, yaliyokuwa yakitazama mbele tu, yakateremka taratibu, yakakaa chini, kisha yakarudi mahali pake.

Cheptanui aliacha kupepea.

"Mama," akanong'ona, "hiyo ni treni ya Baba?"

Macho yakateremka.

"Unanisikia?"

Yakateremka tena. Mtoto akasogea karibu zaidi. Alitaka kuhakikisha.

"Mama, Baba anajua kupika ugali?"

Macho yakanyooka, hayakutikisika hata kidogo. Cheptanui alicheka na kulia kwa pamoja. Ugali wa Baba ulikuwa kama gundi, na ni Mama tu aliyeweza kulijibu swali hilo bila kufikiri.

Alikimbia mpaka nyumbani kumweleza baba yake. Kosgei aliweka kikombe chini.

"Usinichezee, mtoto."

"Sichezi, Baba. Ni kama ule mkono wako. Ndiyo, yanateremka. Hapana, yananyooka."

"Kesho kutwa nina mapumziko. Nitakwenda nimuulize mwenyewe."

Lakini Kuluthum, msichana wa nyumba ya pili, alikuwa amesikia ukutani. "Ati mama yako anaongea kwa macho?" akamcheka kisimani. "Hebu muulize kesho tutapewa mtihani gani, utupe majibu sote!"

Kesho yake Cheptanui alichapwa viboko kwa ajili ya hesabu za kugawanya mafungu. Alifika wodini mikono ikimuuma, na wazo likamjia. Akiacha shule, atakaa na mama yake kutwa nzima. Na fimbo ile hataiona tena.

"Mama, niache shule nikutunze?"

Macho yakanyooka.

"Dresa ni mmoja, Mama, na wagonjwa ni wengi. Niache?"

Yalibaki yamenyooka.

Jioni hiyo alimwambia baba yake, "Mama amesema niache shule nikamtunze."

Kosgei alimtazama sana. Cheptoo alikuwa amefua nguo za watu kwa miaka ili mtoto huyu asome. "Amesema hivyo?"

"Macho yaliteremka," alisema Cheptanui, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Siku iliyofuata Kosgei aliinama juu ya kitanda, kofia mkononi. "Mama Cheptanui, ni kweli umesema mtoto aache shule?"

Macho yalinyooka, yakitazama mbele.

Akamuuliza tena kwa lugha yao ya nyumbani, polepole, kama anayegonga mlango. Macho hayakuteremka. Machozi yalimtoka Cheptoo yakaingia masikioni.

"Anamwaga machozi!" Kosgei akasema.

"Hayo ni maji tu, mzee," alisema Obura kwa upole. "Macho yasiyopepesa vizuri hutoka maji."

Kosgei alijiinua. "Kama jana alikubali, leo pia angekubali. Basi mtoto alijidanganya. Hayupo."

Cheptanui alijua mama yake alikuwa amejibu. Alikuwa amesema hapana, mara mbili, kwa nguvu zake zote. Lakini kulieleza hilo ni kujitaja kuwa mwongo. Akarudi kumpepea mama yake nzi.

Wakati huo huo daktari akafika na karatasi zake. "Jumatatu tutaondoa mpira," alisema. "Mtamchukua nyumbani. Kitanda kinahitajika."

Kosgei alijua, na Obura alijua, na daktari alijua zaidi yao wote, kwamba mtu asiyemeza akiondolewa mpira hana chakula wala maji.

"Ndiyo, bwana daktari," alisema Kosgei.

Walishika njia ya kurudi nyumbani. Kwenye kivuko cha reli mkono wa ishara ulikuwa umenyooka na treni ikingoja kupita, wakasimama kando ya njia. Cheptanui aliutazama mkono ule mwekundu. Haukuwa umelala wala haukuwa umekufa. Ulikuwa ukisema: hapana.

"Baba," alianza, akimshika mkono. "Baba, Mama alikujibu."

"Alijibu nini? Sikuona kitu."

"Alisema hapana. Mimi ndiye niliyedanganya. Nilimuuliza kama niache shule, akakataa. Nikakwambia amekubali. Naogopa hesabu, Baba. Na nilitaka kukaa naye."

Kosgei hakumpiga. Alisimama pale mpaka mkono ukateremka, treni ikapita na vumbi likatulia. Kisha akasema, "Nilimuuliza mke wangu, akanijibu, nami nikamwambia hayupo." Akageuka, akaanza kurudi hospitalini kwa hatua ndefu, mtoto nyuma yake akikimbia.

Mlangoni askari aliwaambia saa za kutazama wagonjwa zimekwisha. Kosgei alimpita. Daktari alikuwa bado wodini, na kwa mara ya kwanza Kosgei alisimama mbele yake na kofia kichwani.

"Bwana daktari, mke wangu yupo. Muulize."

Daktari alitabasamu kwa uchovu. "Mzee, huzuni huwafanya watu waone mambo."

"Basi niaibishe mbele ya watu hawa. Kuuliza si dawa, hakutapungua kabatini."

Obura alikohoa kuficha kicheko. Daktari aliweka karatasi zake kitandani. Mtoto akamweleza: kuteremka ni ndiyo, kunyooka ni hapana.

"Vizuri. Wewe toka nje," daktari alimwambia. "Nitamwonyesha mama yako kitu. Ukirudi, umuulize ni kitu gani."

Cheptanui alisimama barazani akiugeukia ukuta. Alipoitwa, daktari alikuwa ameweka mikono mfukoni. Wagonjwa walioweza kuinua vichwa walikuwa wameviinua.

"Mama, amekuonyesha kalamu?"

Macho yalinyooka.

"Saa?" Yalinyooka. "Ufunguo? Mkasi? Shilingi?"

Yalinyooka, yalinyooka, yalinyooka.

"Je, yameteremka?" daktari aliuliza. Alikuwa amesimama upande wa miguuni, na macho ya mgonjwa hakuyaona vizuri.

Ingekuwa rahisi. Angesema "ndiyo" kwa mkasi, au kwa saa, akabahatisha. Cheptanui alimgeukia daktari.

"Hapana, bwana. Hayajateremka hata mara moja."

Kosgei alifumba macho. Daktari akanyoosha mkono kuchukua karatasi zake. Ndipo Cheptanui alipouona mkono ule, mtupu, ukienda kitandani.

"Mama," akasema upesi, "alikuonyesha mkono mtupu?"

Macho ya Cheptoo yakateremka. Yakakaa chini kwa muda mrefu, kama mkono wa reli unaongoja mabehewa yote yaishe kupita.

Daktari alizunguka kitanda, akainama, akauliza mwenyewe, neno moja moja, "Mimi nilionyesha mkono tu? Hakuna kitu?"

Yakateremka.

"Nilitaka kujua kama mtoto atanidanganya," alisema daktari, uso wake ukiwa mwekundu. Akamwambia Obura, "Mpira ubaki," akaenda zake kuandika. Hakumwomba Cheptoo msamaha, ingawa alikuwa amesimama juu yake majuma yote yale akizungumza juu ya kifo chake. Wakubwa husamehewa kabla hawajaomba, ndiyo maana hawajifunzi kuomba.

Obura ndiye aliyesogea. Alivuta kigoda, akakaa mahali ambapo angeonekana.

"Hujambo, Mama Cheptanui," alisema. "Samahani. Siku zote hizi sijakusalimia."

Macho yaliteremka kwake pia.

Wakaanza kumuuliza. Una kiu? Una baridi? Unaumwa? Kwenye swali hilo yaliteremka. Wakataja kichwa, mgongo, kiuno, mpaka wakafika kwenye nyonga ya kushoto. Walipomgeuza walikuta kidonda kikubwa kilichosababishwa na kulalia upande mmoja. Alikuwa amekilalia akisikia maumivu yote, huku watu wakisema hasikii kitu. Tangu siku hiyo Obura alimgeuza asubuhi, mchana na jioni, akamsafisha kinywa na kumkausha ngozi, na kidonda kikaanza kufunga.

Kabla hawajaondoka, Kosgei aliuliza swali lake la mwisho. "Mtoto aende shule?"

Yaliteremka haraka hata Cheptanui mwenyewe akacheka.

Njiani Kosgei alimsimamisha binti yake chini ya mlingoti.

"Unauona mkono huu? Dereva wa treni hanioni mimi kibandani. Anauona mkono tu, na anauamini. Nikiuteremsha wakati njia haiko wazi, kwa sababu nimechoka au nataka kwenda nyumbani, watu watakufa. Na hata nikiuteremsha vizuri siku zote baadaye, nani ataniamini? Sasa wewe ndiye mkono wa mama yako. Hana mwingine. Usiseme neno ambalo hakulisema, hata kama unadhani ni la kumsaidia. Leo ulipomwambia yule bwana kwamba macho hayajateremka, ndipo ulipomwokoa. Mimi nami nimejifunza langu. Nilimwamini mwenye karatasi kuliko mke wangu, kwa sababu ana karatasi."

"Ndiyo, Baba."

"Na hesabu?"

"Nitajaribu, Baba."

"Hukuulizwa kama utajaribu. Utamsomea mama yako mafungu, na macho yake yatakusahihisha."

Cheptoo hakutembea tena, na sauti yake haikurudi. Baada ya miezi kadhaa alijifunza kumeza uji kwa kijiko, wakamrudisha landi. Kuluthum alikuwa wa kwanza kuja kumsalimia, akauliza kwa aibu kama anaruhusiwa kuketi. Macho yakamruhusu. Kosgei alikiweka kitanda cha Cheptoo karibu na mlango, mahali ambapo mgonjwa angeona ng'ambo ya njia za treni.

Jioni Cheptanui hukaa pale na daftari la hesabu gotini, haangalii mlingoti tena. Humtazama mama yake. Macho yakiteremka, huinuka akabandika sufuria.