Kidole cha Naishorua

Kila asubuhi, kabla kengele ya mstarini haijagongwa, wanafunzi wa shule moja ya msingi pembezoni mwa mji wa Kilosa hufanya usafi. Wengine hufagia uwanja, wengine huchota maji, na wale wa darasa la sita huingia bustanini. Kiranja wa bustani alikuwa Agatha, msichana wa miaka kumi na miwili. Mama yake ni mtu wa kufagia uwanja asubuhi na jioni, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Agatha hakutulia akiona jani limelala mahali pasipotakiwa.

Bustani ilikuwa na matuta ya maboga na kunde. Upande wa uzio, Mwalimu Doris alikuwa ameacha ukanda wa mimea ya asili: mgagani, mlenda, mnavu na kivumbasi, kila mmoja ukiota na kuchanua ulivyopenda. Katikati ya vurugu hiyo lililala gogo kuukuu lenye tundu, na nyuki wadogo wasiouma waliingia na kutoka humo kutwa nzima.

"Ukanda huu usiguswe," Mwalimu Doris alimwambia Agatha siku alipoondoka kwenda kwenye mafunzo Morogoro. "Chumeni majani ya mboga, lakini mimea ibaki. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu," alijibu Agatha. Ukweli ni kwamba alikuwa akitazama kijiti kilichoanguka njiani.

Baada ya siku chache ikaja habari kwamba wanafunzi wa shule moja ya Mikumi watatembelea bustani. Agatha akautazama ule ukanda kwa macho ya mgeni. Akaona magugu matupu.

"Watatucheka," aliwaambia wenzake. "Watasema watoto wa Kilosa ni wavivu. Leteni mafyekeo."

Mchana ule ule walifyeka, wakang'oa, wakachoma moto. Gogo walilibeba wanne hadi jikoni, na Mama Joyce, mpishi wa shule, akawashukuru sana. Alipolichochea motoni alisema, "Kuni gani hizi? Moshi wake unanukia asali!" Wote wakacheka. Wageni walipofika walisifu bustani iliyofagiliwa mpaka uzioni, na Agatha akapigiwa makofi.

Katika kundi la bustani alikuwamo Naishorua. Wazazi wake ni wafugaji waliohamia karibu na Kilosa na ng'ombe wao, na hakuna aliyewahi kulima nyumbani kwao. Mama yake alikuwa amezungushia miiba kipande cha ardhi karibu na nyumba ili aanzishe bustani yake ya kwanza. Kwa kuwa kila mwanakundi hupewa mbegu wakati wa mavuno, Naishorua alikuwa amemwahidi mama yake mbegu za maboga. Jambo hilo alilisema mara nyingi mpaka wenzake wakawa wanamtania.

Siku moja baada ya wageni kuondoka, Naishorua alisimama mbele ya matuta, akanyoosha kidole na kuanza kuhesabu maboga machanga.

"Moja, mawili... na lile kule, limejificha chini ya jani!"

"Shusha kidole!" Samson, mwenzao wa kundi, alipiga kelele. "Unataka kutuozeshea maboga?"

Kwao Samson, kama ilivyo katika nyumba nyingi za wakulima, boga changa halinyooshewi kidole. Huonyeshwa kwa ngumi, vinginevyo husemwa kwamba litaoza. Naishorua alikuwa amekulia kwenye ndama na mbuzi, na hakuna aliyemwambia. Alificha mkono nyuma na kuomba radhi.

Wiki ile ile maboga machanga yakaanza kugeuka manjano. Yalilainika nchani, yakanywea, yakadondoka moja baada ya jingine. Maua mapya yalichanua, lakini vitoto vya boga vilivyokuwa chini yake navyo vikadondoka.

"Si niliwaambia?" alisema Samson. "Ni kidole chake."

Kundi likaamua Naishorua asikanyage tena bustani. Atachota maji, ataacha ndoo langoni, basi. Naishorua akamgeukia Agatha, maana neno la mwisho lilikuwa la kiranja.

"Na mbegu za mama yangu?"

"Mbegu ni za wanaofanya kazi bustanini," Samson alidakia.

Agatha alijisikia vibaya. Lakini mtu wa kulaumiwa alikuwa amepatikana, na mtu huyo hakuwa yeye. "Tungoje kwanza maboga yapone," alisema, macho yake yakiwa chini. Naishorua aliweka ndoo chini na kuondoka.

Jumamosi Agatha alikwenda kijijini Tindiga kumsalimia bibi yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Chukua ungo twende tukachume mboga."

Shamba la Bibi lilimtia Agatha aibu. Maboga yalitambaa popote, na katikati yake ulisimama mgagani uliochanua maua meupe, na kivumbasi kilichofika kiunoni. Ila maboga yenyewe! Makubwa, mabichi, yamelala kila kona. Juu ya mojawapo alikaa Simoni, binamu yake mdogo ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuongea.

"Boga!" alisema Simoni, akinyoosha kidole. "Boga! Boga!"

Agatha akaruka kumshika mkono. "Bibi, anayanyooshea kidole!"

"Mwache, nimemkemea mpaka nimechoka," alisema Bibi. "Tangu yakiwa madogo kama ndimu ndiyo kazi yake hiyo."

"Mbona hayajaoza?"

Bibi akafikiri. "Labda yamemzoea," alisema, akaendelea kuchuma.

Jibu hilo halikumtosha Agatha. Alichuchumaa karibu na ua la boga lililofunguka. Nyuki alitoka kwenye kivumbasi, akaingia ndani ya ua lile, akatoka amejaa unga wa njano miguuni, akaingia la pili. Mwingine akafuata. Agatha alikumbuka mchoro wa ua aliouchora daftarini, na neno chavua ambalo alilipatia alama zote kwenye jaribio. Akajiuliza ni lini mara ya mwisho aliona nyuki kwenye bustani ya shule. Ndipo alipokumbuka gogo lenye tundu, na moshi ulionukia asali.

Alitamani sana kisa kiwe kile kidole.

"Bibi, kwa nini huyang'oi haya magugu?"

"Magugu?" Bibi alikunja uso. "Unayachuma ule, halafu unayaita magugu?"

Jumatatu Mwalimu Doris alirudi. Baada ya salamu, alisimama bustanini akitazama uzio uliobaki mtupu, kisha matuta yasiyo na boga hata moja.

"Nini kimetokea hapa?"

"Ni Naishorua, Mwalimu," alisema Samson. "Aliyanyooshea kidole."

Naishorua alikuwa langoni na ndoo yake. Alisikia kila kitu. Aliitua ndoo taratibu.

"Si yeye," alisema Agatha.

Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka, ikabidi arudie. "Si yeye, Mwalimu. Ni mimi. Uliniambia ukanda usiguswe, nikaamuru ufyekwe ili wageni watusifu. Gogo la nyuki nililipeleka jikoni likachomwa. Bila nyuki, maua ya boga hayapati chavua, na boga lisilochavushwa hudondoka. Nilijua tangu Jumamosi. Na hata kabla ya Jumamosi, nilimwacha Naishorua alaumiwe."

Mwalimu Doris alikasirika waziwazi.

"Nyuki wale walikuwa wamekaa humo tangu sijahamia shule hii," alisema. "Utafanya nini sasa?"

Agatha alikuwa amebeba mfuko wa mbegu za mgagani na kivumbasi kutoka kwa Bibi. "Nitapanda upya. Na maua yaliyopo, tutafanya kazi ya nyuki sisi wenyewe."

Ua la boga lisilo na kitoto chini yake ni dume, na lenye kitoto ni jike. Mwalimu aliwaonyesha jinsi ya kuchuma dume asubuhi mapema, kuondoa petali zake, na kupaka ule unga wa njano katikati ya ua jike. Walipomaliza la kwanza, Agatha alimwendea Naishorua langoni.

"Njoo ulinyooshee kidole."

"Sitaki," alisema Naishorua. "Likidondoka mtasema ni mimi tena."

"Likidondoka, mimi ndiye nitatoka bustanini. Nisamehe, Naishorua. Nilikukosea."

Naishorua alimtazama usoni kuona kama anatania. Kisha akaja hadi kwenye tuta, akanyoosha kidole, akakishikilia hapo kwa muda mrefu. Samson alirudi nyuma hatua kadhaa, akaona haya, akarudi mahali pake.

Kwa siku zilizofuata, hapakuwa na kitu kilichochunguzwa shuleni kama kile kiboga. Hata Mama Joyce aliacha sufuria kwenda kukitazama. Hakikugeuka manjano. Kilinenepa kikafikia ukubwa wa ngumi, kisha wa kichwa cha mtoto. Samson, bila kuambiwa na mtu, aliichukua ndoo ya Naishorua akaenda kuchota maji mwenyewe.

Mvua zilipozikuza mbegu za Bibi, ukanda ulirudi. Kundi lilichuma mgagani kwa ajili ya jikoni na kuacha mashina yachanue. Vipepeo walikuja kwanza, baadaye ndege wadogo wa kula mbegu, na asubuhi moja nyuki akaonekana ndani ya ua la boga. Hakuwa wa gogo lile. Wale hawakurudi, na kila Agatha alipopita jikoni alilikumbuka jambo hilo.

Siku ya mavuno, Mama Joyce alichemsha maboga shule nzima ikala. Mwalimu Doris alilikusanya kundi lake kando ya uzio.

"Usafi ni jambo jema," alisema. "Lakini kabla hujang'oa kitu, uliza kinafanya kazi gani na nani anakitegemea. Ukanda huu unatulisha sisi, na unawalisha wale wanaotusaidia kupata chakula. Na ukikosea, sema mapema. Agatha alikaa kimya siku chache tu, na siku hizo mwenzake alizilipia. Boga likioza tutapanda jingine. Mtu aliyesingiziwa hatuwezi kumpanda upya."

Agatha aliinamisha kichwa. Hakuondolewa ukiranja, ila tangu siku ile hakuamuru chochote kifyekwe kabla ya kuuliza.

"Naishorua," Mwalimu aliendelea, "chagua boga la mbegu za mama yako."

Maboga yaliyobaki yalikuwa yamepangwa kwenye nyasi. Naishorua aliyatazama yote, hakuharakisha. Kisha akanyoosha kidole.

"Lile."